Vitabu Saba Vyenye Mwisho Mmoja

Mzee mmoja aliweka vitabu saba juu ya meza yangu ya kazi, akavipanga mstari mmoja, akavua kofia na kuniambia, kwa ule wingi wetu wa heshima:

"Mama, hivi vitabu yote saba inaisha namna moja. Munieleze."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Yeye hakucheka.

Akafungua cha kwanza, riwaya ya polisi, akanionyesha ukurasa wa mwisho. Mtu anapiga hodi, mwanamke anafungua mlango, ni mume wake.

Akafungua cha pili, riwaya ya mapenzi. Hodi. Mlango. Mume.

Cha tatu kilikuwa cha safari za porini. Cha nne maisha ya mmisionari mmoja, tena mtu ambaye hakuwahi kuoa. Hodi ipo.

Cha saba kilikuwa kitabu cha kufuga mbuzi.

"Mbuzi, Mama!" Sauti yake ilipanda. "Kitabu ya mbuzi! Inafundisha chanjo, inafundisha kujenga zizi, halafu ku mwisho mufugaji anatoka safari ya mbali, anapiga hodi kwake, bibi yake anafungua. Nani aliandika hivi?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyeandika ni mimi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtasema huyu mama kachanganyikiwa.

Naitwa Evodie. Nina miaka arobaini na mmoja. Naishi Kalemie, hapa kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, na kazi yangu ni kutunza maktaba ya umma. Mkisikia maktaba msifikirie jengo la ghorofa. Ni chumba kimoja, madirisha mawili, rafu tisa, mabenchi mawili na meza yangu. Watu hapa wanasema biblioteke, na mimi wananiita Mama Biblio. Jina langu la Evodie hawalijui. Aliyekuwa akilitumia ni mtu mmoja tu, nitawafikisha kwake.

Sasa niwaambie kitu bila kuona haya. Nina kipaji.

Mtu akiingia tu mlangoni, najua kitabu kinachomfaa kabla hajafungua mdomo. Naangalia viatu kwanza. Kisha mikono. Kisha namna anavyosimama. Nikishaona hayo, simsubiri aseme, naenda kwenye rafu.

Djo, kijana mkubwa anayeendesha moto, yaani pikipiki ya abiria, aliingia siku moja kujikinga mvua. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba na macho hayatulii. Nikampa riwaya ya polisi. Siku hizi abiria wanapiga kelele pale kituoni kwao, yeye anawaambia wasubiri, muuaji bado hajakamatwa.

Annie ni nesi. Kila anapotoka kazini ana uso wa mtu aliyeona mengi. Huyo sikumpa kitabu cha kifo hata kimoja, nilimpa mapenzi, na hajawahi kuhama rafu ile.

Na kuna Mama Christiane, muuza vitenge. Yeye aliingia kuuliza njia ya kwenda parokia. Nikamkalisha, nikampa riwaya ya kurasa mia nne, nikamwandika kwenye rejista, akaondoka. Njia ya parokia nilisahau kumwonyesha.

Ndivyo nilivyokuwa. Niliona kila anayeingia pale amekuja kutafuta kitabu, hata kama mwenyewe hajui.

Nikitoka kazini, mambo ni mengine.

Nyumbani nina viti viwili. Kimoja nakalia, kingine naweka nguo za kupiga pasi. Napika bukari, ndiyo ugali wetu, ya mtu mmoja, na kama hujawahi kupika bukari ya mtu mmoja hujui shida yake, ule unga haukubali kuwa mdogo. Kila siku inabaki. Asubuhi nawapa kuku wa jirani, na kuku hao ndio wanaokuja kwangu mara nyingi kuliko binadamu.

Mume wangu aliitwa Emile. Alikuwa fundi seremala, mcheshi, mtu wa kelele, akiingia nyumbani jirani wa tatu anajua kwamba ameingia.

Mwaka 2017, mapigano yalipochafua upande wa Nyunzu, Emile alisema anakwenda huko kumchukua mama yake aje tukae naye hapa. Nilimkataza, akanibishia, tukanuna siku mbili, mwisho akafunga mzigo.

Nikampa kitabu cha kusoma njiani. Yeye alitaka cha polisi. Mimi nikampa riwaya ya jalada jekundu, habari za mwokaji mikate na familia yake, kwa sababu niliona kinamfaa kwa tabia yake ya haraka.

"Evodie," akaniambia mlangoni, "huyu muoka mikate ataniua na usingizi mbele sijafika Nyunzu."

"Usome tu. Na ukirudishe."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mume wangu uso kwa uso. Ukirudishe. Kitabu.

Emile hakurudi.

Simu yake ilizima baada ya siku nne. Niliuliza wasafiri, niliuliza parokia, niliuliza kila aliyefika kutoka upande ule na godoro kichwani. Wengine walisema wamemwona, nikiwauliza amevaa nini wanataja nguo ambazo hana. Hakuna aliyeniletea maiti, hakuna aliyeniletea salamu.

Basi nikawa mtu asiye na jina. Kanisani kwetu kuna kikundi cha wamama wa ndoa na kikundi cha wajane. Wamama wa ndoa wakinialika wananiangalia kwa huruma. Wajane wakinialika naona kama nitakuwa nimemzika Emile kwa mikono yangu. Nikawa nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, ambako hakuna kikundi. Miaka saba nimekaa pale.

Miaka ya mwanzo majirani waliuliza, kuna habari? Baadaye wakaacha. Siwalaumu. Lakini mlango wangu ukawa haupigwi hodi, na mimi nikawa mtu wa kusikiliza mlango. Nawaambia kweli, ule ukimya unauma.

Kisha ziwa likapanda.

Waliokuwa Kalemie wanakumbuka. Maji yaliingia kwenye nyumba, kwenye maduka, na siku moja asubuhi nikakuta yameingia kwenye chumba changu na kufika rafu ya pili. Nilivitoa vitabu vyote, nikavianika juu ya kamba kwa vibanio vya nguo. Watu waliopita walinipiga picha.

Vilikauka, lakini gundi ilikuwa imeyeyuka. Kurasa za mwisho ndizo zilizoteseka zaidi, zilikuwa zimegeuka uji. Nilihesabu vitabu thelathini na vinne visivyo na mwisho.

Sikuvitupa. Mtupaji wa vitabu si mimi.

Annie ndiye aliyenitia kwenye matatizo, ingawa hana kosa. Alirudi na riwaya yake ya mapenzi ameikumbatia.

"Mama Biblio, kurasa ya mwisho haiko. Yule binti alimupata bwana yake ao hakumupata?"

Sikujua. Kile kitabu sikuwahi kukisoma mpaka mwisho. Lakini nilimwangalia usoni, na siku ile alikuwa amepoteza mgonjwa wa tatu kwa wiki moja, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema:

"Kuko kopi ingine kwa rafiki yangu. Mukuje siku ya ine, nitawaandikia mwisho."

Kopi nyingine haikuwepo.

Nikachukua kaye mpya, daftari la shule, nikachana karatasi, nikaandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, nikazibandika kwa gundi. Bwana wa yule binti alirudi. Alipiga hodi. Binti akafungua.

Annie alikuja, akasoma akiwa amesimama, akalia, akanikumbatia. Nikaona nimepata dawa.

Nikaandika cha Djo, cha polisi. Nikaandika cha safari. Sikupanga kurudia jambo lilelile, naapa. Nilikuwa naanza vizuri kabisa, mpelelezi ana bastola yake, mwizi anakimbia, halafu kalamu inatafuta njia ya kufika mlangoni. Nilipomaliza cha thelathini na nne nilikuwa nimerudisha nyumbani waume thelathini na wanne.

Na hakuna aliyegundua, kwa sababu kila msomaji wangu ana rafu yake. Djo hasomi mapenzi. Annie hagusi polisi. Vitabu vya mifugo vinachukuliwa na wafugaji, na mfugaji akishafika kwenye chanjo anarudisha kitabu.

Mpaka alipokuja Papa Basile.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa pili, mwaka jana. Mzee mrefu, koti la zamani la watu wa reli, viatu vimelika visigino lakini vimepakwa rangi vikang'aa. Kwapani alibana mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu akinitazama.

"Mama, minakuja juu ya—"

"Mukae, Papa. Minajua."

Viatu vile! Nikajua huyu ni mtu wa nidhamu, anapenda mambo yenye hesabu. Polisi. Nikampa, nikamuuliza jina tu, nikamwandika: Basile, mstaafu wa reli. Akatazama kitabu, akanitazama mimi, akaenda.

Jumatano iliyofuata akarudi.

"Mama, nilikuwa nataka kuwaambia—"

"Hamukukipenda. Usoni tu inaonekana. Sasa tujaribu ingine."

Mapenzi. Labda moyo ulihitaji kulainishwa.

Wiki ya tatu safari. Ya nne dini. Ya tano historia ya wafalme wa kale, ya sita tiba za majani. Kila mara anafungua mdomo, kila mara mimi nimeshafika kwenye rafu. Nilikuwa sijawahi kukutana na msomaji mgumu namna ile, na nilijiapiza nitampata tu. Nikishindwa na huyu, nilijiambia, basi kipaji changu ni uongo.

Na niseme kweli, nilianza kuzisubiri Jumatano. Nilikuwa najipaka mafuta vizuri zaidi. Si mapenzi, msianze. Mzee ana umri wa baba yangu. Ni kwamba alikuwa mtu ambaye siku fulani, saa fulani, lazima aje. Mimi nilikuwa sina mtu mwingine wa hivyo.

Wiki ya saba nilikuwa nimeishiwa. Nikampa mbuzi.

Ndipo tunarudi pale nilipoanzia. Alikuwa ameviomba tena vile sita siku ile ile ya mbuzi, nikadhani sasa amenogewa, kumbe anakusanya ushahidi. Vitabu saba viko mezani. Mzee amesimama. Ananiuliza nani ameandika.

"Ni mimi, Papa," nikasema.

Alikaa.

Niliona barua inakwenda ofisi ya wakubwa, naona mtu mwingine anakalia kiti changu. Nikaanza kubembeleza kama mtoto.

"Papa, minaomba musinishitaki. Maji njo ilikula zile kurasa. Watu walikuwa wanasikia mubaya, nikasema niwasaidie. Hii kazi njo kitu moja tu nimebakia nayo."

"Sikukuja kuwashitaki."

"Aksanti, Papa."

"Huyu muntu mwenye kupiga hodi. Ni nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilitaka kusema ni mtu wa kitabu tu. Nikamwambia ni bwana yangu. Nikamweleza Nyunzu, mama mkwe, simu iliyozima, benchi la mlangoni. Nilieleza haraka nikitazama mbuzi aliye kwenye jalada, kwa sababu nilijua nikimtazama mzee nitalia.

Nilipomaliza, yeye aliangalia mikono yake. Alikuwa anafungua na kufunga vidole.

Na mimi, mjue mtu na tabia yake, nikainuka kwenda kwenye rafu.

"Ngoja niwapatie ingine, Papa. Kuko moja ya vichekesho—"

"Mama Evodie. Mukae."

Nikasimama pale pale.

"Hilo jina mulilitoa wapi?"

"Mukae kwanza."

"Papa, hapa hakuna mwenye kuniita vile. Mulilitoa wapi?"

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Mama, mara saba niliingia humu. Mara saba mulinipa kitabu. Hata mara moja hamukuniuliza: Papa, mumekuja kutafuta nini?"

Nikakaa.

Akauweka ule mfuko wa plastiki mezani, akaukunjua polepole. Ndani kulikuwa na gazeti. Ndani ya gazeti kulikuwa na kitabu.

Jalada jekundu.

Sikuhitaji kukifungua, lakini alikifungua. Muhuri wetu ulikuwa pale ukurasa wa kwanza, na chini yake namba niliyoiandika kwa mkono wangu.

"Hii njo kashe ya hapa," alisema, kidole juu ya muhuri. "Njo ilinileta."

Haya ndiyo aliyonieleza, nayaandika kama nilivyoyasikia.

Mwaka ule Papa Basile alikuwa mtumishi wa kituo kidogo cha reli upande wa Nyunzu. Treni zilikuwa zimesimama, wafanyakazi wengi wamekimbia, yeye alibaki na wenzake wawili. Emile alifika pale kwa miguu, peke yake. Kule kijijini alikuta mama yake ameshazikwa. Simu walimnyang'anya njiani. Alisema atasubiri treni ya kwanza itakayokwenda Kalemie.

Walisubiri pamoja siku tisa.

"Alikuwa anatusomea hii kitabu," Papa Basile alisema. "Mchana, chini ya bati ya kituo. Anaigiza sauti. Ile ya muoka mikate, ile ya bibi yake. Tulikuwa tunacheka, Mama, wakati ule wa kucheka hakuna."

"Yeye alisema hiki kitabu kinachosha," nikasema.

"Hata kwetu alisema vile. Halafu anasoma tena. Alisema: bibi yangu Evodie ananijua kuliko mimi ninavyojijua, lakini nikifika sitamwambia, atavimba kichwa."

Siku ya saba Emile alianza kuhara. Dawa haikuwepo, maji safi hayakuwepo. Siku ya tisa mchana alimpa Papa Basile kile kitabu, akamwambia kama treni itachelewa, yeye amrudishie Evodie wa biblioteke ya Kalemie, maana mama huyo kwa vitabu vyake hana mchezo. Walidhani anatania. Mchana ule ule akafariki.

Wakamzika nyuma ya kituo. Jina lake wakalichonga kwenye ubao mgumu wa reli ili lisioze.

Baada ya wiki moja mapigano yalifika kituoni, na Papa Basile akakimbia na alichoweza kubeba. Alitembea mpaka Kiambi kwa kaka yake, akalima huko miaka yote hiyo. Mwaka jana binti yake Rachelle, aliyeolewa hapa Kalemie, alimleta akae naye. Wiki ile ile aliyofika aliulizia biblioteke iko wapi.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikakasirika. Sijui hasira ile ilitoka wapi.

"Wiki saba, Papa! Wiki saba munakuja hapa, munakaa hapo, munanitazama, mumenyamaza! Kwa nini hamukuniambia siku ya kwanza?"

"Mulinipa kitabu."

"Ile si sababu!"

"Siyo sababu," alikubali. "Nilifika nyumbani nikaisoma. Ku mwisho nikaona mwandiko ya mukono. Nikasema labda. Ya pili, ile ile. Ya tatu nikaelewa huyu mama anangoja. Nikaogopa, Mama. Muntu anaandika bwana yake amerudi, mimi nitaingia na mudomo gani kumwambia hapana? Nikawa ninasema, wiki kesho. Wiki kesho."

"Na leo?"

"Ile ya mbuzi." Alishika paji la uso. "Nilisoma ile ya mbuzi nikasema, kama huyu mama amefika mpaka ku mbuzi, mimi nikinyamaza tena, atazeeka na hii hodi. Na kosa itakuwa yangu."

Nilitaka kucheka na kulia, na sikufanya hata kimoja.

Nikavuta rejista ya zamani kutoka chini ya meza. Maji hayakuifikia, wakati ule nilikuwa naiweka rafu ya juu. Nikafungua mwaka 2017. Kwenye ukurasa ule mistari yote imefungwa isipokuwa mmoja. Jina Emile, jina la kitabu, tarehe aliyochukua. Sehemu ya tarehe ya kurudisha ilikuwa tupu.

Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe ya siku ile. Kando yake nikaandika: kimerudi.

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, mlango wazi, watu wanapita na ndoo zao. Papa Basile hakuninyamazisha. Aliinuka akafunga mlango wa nje, akarudi akakaa mahali pake, akaweka kofia mapajani.

Nilipotulia nikakishika kile kitabu. Kwenye ukurasa wa mia moja na kumi na mbili palikuwa pamekunjwa pembe. Mimi kwenye maktaba hii nimegombana na watu wazima kwa sababu ya kukunja pembe.

"Alifika hapo," Papa Basile alisema.

"Na ninyi? Hamukuendelea?"

"Tulikuwa tunasoma pamoja. Peke yangu sikuweza."

Kitabu kilikuwa na kurasa mia moja na sitini. Hakikuonja maji ya ziwa, kilikuwa mbali, na kurasa zake zote zilikuwapo. Nikamwuliza mzee kama ana haraka. Akasema Rachelle anamsubiri kwa chakula cha jioni, kabla ya hapo hana kazi.

Basi nikaanza pale kwenye kunjo, nikasoma kwa sauti. Mimi siigizi sauti, sina kipaji hicho. Nilisoma tu. Mara mbili nilikwama, akanisubiri.

Mwisho wake hakuna mtu anayepiga hodi. Mwokaji anafariki katikati ya sura, bila kelele, na asubuhi inayofuata mke wake anaamka, anafunga kitambaa kichwani na kuwasha tanuri, kwa sababu watu wa mtaa watataka mkate. Basi, ndiyo mwisho.

"Kumbe ni kitabu ya muzuri," Papa Basile alisema.

"Ni ya muzuri," nikasema.

Jumapili ile nilipoingia kanisani nililipita lile benchi la mlangoni. Nikaenda mpaka kwa wajane. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama mmoja aliyekuwa pembeni alivuta pochi yake, nikakaa.

Kwenye vile vitabu thelathini na vinne sikuzibandua kurasa zangu. Nilibandika karatasi juu ya kila mwisho: "Mwisho wa kweli uliharibiwa na maji. Huu ameuandika Evodie, mtunza maktaba, ambaye alikuwa anamsubiri mtu." Annie alisoma, akaninunia wiki mbili. Alisema nilimdanganya, na ni kweli nilimdanganya, nikamwomba msamaha. Wiki ya tatu akarudi, lakini siku hizi kabla ya kuchukua kitabu anakifungua nyuma kwanza, ananikodolea macho. Djo yeye alisema mwisho wangu ulikuwa mzuri ila bastola ilibaki bila kazi.

Njia ikitulia, Papa Basile amesema tutakwenda wote nikaone ule ubao.

Sasa mimi si padri wala mwalimu, lakini nitasema langu moja. Nilijiona bingwa wa kuwajua watu kwa viatu vyao. Nilimpa mzee wa watu polisi, mapenzi, wafalme na mbuzi, na muda wote alikuwa amebana kwapani kitabu pekee nilichokihitaji mimi. Mtu akija kwako mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, usikimbilie kumpa ulicho nacho. Muulize amekuja kutafuta nini, kisha unyamaze mpaka ajibu. Na wewe uliyebeba habari ya mtu, mpelekee. Usimngoje awe tayari, hatakuwa tayari.

Siku hizi mtu akiingia biblioteke nakaa kwenye kiti changu, nashika mikono yangu yote miwili, namuuliza. Nusu yao, mtashangaa, hawakujia kitabu.

Niongeze moja tu halafu niende kupika.

Jumatano iliyopita tulifunga maktaba kwa ajili ya sikukuu. Saa kumi hivi nilikuwa ndani napiga pasi, na mlango wangu ukapigwa hodi.

Moyo ulifanya ulichozoea kufanya. Sitawadanganya, uliruka. Pasi niliiacha juu ya nguo, na ile nguo sasa ina alama.

Nikafungua. Papa Basile, koti la reli, viatu vinang'aa, mkononi ana ndagala, dagaa wa ziwa letu, wamefungwa kwenye gazeti.

"Karibu, Papa," nikasema. "Mumekuja kutafuta nini?"

"Sitafuti kitu, Mama Evodie. Nilikuja kuwasalimia tu."

Nikatoa nguo kwenye kile kiti cha pili, nikakifuta, akakaa. Bukari ya siku ile haikubaki.